Debe Langu Halikuvunja Daraja

"Debe langu halikuvunja daraja." Ndivyo alivyowajibu Mzee Mchoya juzi, mlipomweleza kwamba kila mmoja wenu aling'oa shina moja tu la karanga zake. Mmerudi kwangu mnacheka, mnauliza debe gani na daraja gani, kana kwamba mzee wa watu amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Kaeni chini. Chanzo cha maneno hayo ni hiki, na kicheko chenu kitaisha njiani.

Hapo zamani kijiji chetu cha Mlangwa kilikuwa na daraja la zege juu ya Mto Msihi. Lilijengwa mwaka wa njaa, wanaume wakilipwa unga, na miongoni mwa waliokoroga zege lile kwa koleo alikuwemo kijana aliyeitwa Lusito. Daraja lilikuwa na nguzo tatu, na nguzo zenyewe zilizamishwa ndani ya mchanga kina cha watu wawili waliosimamishana mabegani. Msimamizi wao aliwaambia siku ya kuondoka, "Zege halisimami lenyewe. Linashikwa na mchanga. Uacheni mchanga mahali pake, nalo daraja litadumu hadi liwazike nyote." Wengine walisikia wakasahau. Lusito alisikia, na masikio yake ndiyo yaliyomponza maisha yake yote.

Miaka mingi magari yakapita, ng'ombe wakapita, maharusi wakapita. Lusito akazeeka. Kisha mabati yakaingia Mlangwa, na kila mwenye nyumba ya udongo akataka ya matofali, na matofali yanataka mchanga. Sasa mto wetu mnaujua: miezi minane kwa mwaka hauna tone la maji, ni mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Mtu angeweza kuchota popote, leo na kesho na mtondogoo, asiumalize. Lakini wote walichota chini ya daraja. Mnajua kwa nini? Kwa sababu chini ya daraja kuna kivuli. Basi! Hakuna sababu nyingine. Mto mzima wa mchanga umelala pale, na watu wenye akili timamu wanachimba miguuni pa daraja wasije wakaungua utosi.

Lusito aliona mapema. Sehemu ya chini ya nguzo ya katikati haikupigwa lipu, maana hakuna aliyetazamia kwamba ingeonwa na mtu. Ilibaki na alama za mbao zilizoshikilia zege lilipokuwa bichi. Mwaka mmoja alama hizo zikaanza kuchungulia. Mwaka uliofuata zikamfika magotini. Alipoziona zimemfika kifuani, alishuka mtoni na fimbo yake akawafokea waliokuwamo humo hadi sauti ikamkauka.

"Babu, mimi debe moja tu," alisema wa kwanza.

"Langu la kuzibia ufa wa jiko," alisema wa pili. "Debe moja litalifanya nini daraja lote hili?"

Na kila mmoja alisema kweli. Hilo ndilo lililomtia wazimu mzee yule. Laiti wangekuwa waongo, angejua la kuwafanya.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Bwana Ndahani. Mwenyekiti akaitisha mkutano, watu wakajaa, na ikapigwa marufuku kuchota mchanga darajani. Lusito akashusha pumzi. Ndipo Ndahani akaongeza kwamba, hata hivyo, ofisi ya kijiji inahitaji sakafu, kwa hiyo marufuku haitagusa mchanga wa shughuli za umma. Wiki haikuisha, Mlangwa nzima ikawa umma. Kanisa lilikuwa umma, msikiti umma, choo cha shule umma, hata kilabu cha pombe kilijengewa benchi kwa hoja kwamba wanaokunywa pale ni umma. Lusito alikaa kizingitini kwake akashika kichwa kwa mikono miwili.

Mwaka huo hasira yake ilikuwa na sababu zaidi ya zege. Binti yake Chiloleti, mtoto pekee aliyembakia, alikuwa mjamzito. Watoto wa mimba mbili za kwanza walikufa wakati wa kujifungua, na mganga wa hospitali ya ng'ambo ya mto alikuwa amemwonya: hii ya tatu usijaribu kuzalia nyumbani, uchungu ukianza tu uletwe hapa. Siku zake zingetimia masika, mto ukiwa umejaa. Njia ya kufika ng'ambo masika ilikuwa moja, na ndiyo hiyo watu walikuwa wakiibeba kichwani debe kwa debe. Kwa hiyo Lusito alipokuwa akifoka mtoni, hakuwa akililia daraja. Alikuwa akimlilia mjukuu.

Adhuhuri moja alishuka tena na fimbo yake. Aliwakuta wanawake wawili wakijaza, na shimoni kabisa, ameinama na koleo, kuna mwanamume. Lusito alikwisha kupanua kinywa. Mwanamume akainuka, na kumbe alikuwa Yoramu, mume wa Chiloleti.

Kijana yule aliangusha koleo, akatazama chini. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Lusito alilionyesha debe kwa fimbo. "Hilo la nini?"

"La chumba cha mtoto, baba. Chiloleti hataki alale kwenye vumbi. Nimebakiza kona moja tu ya sakafu."

"Na kule mbele hakuna mchanga?"

"Upo, baba. Ila jua."

Wanawake wale walisimama wakingoja matusi. Lusito naye alikuwa nayo tayari, tena ya kutosha. Lakini mkwe ni mkwe. Kwetu sisi baba hamfokei mume wa bintiye mbele za watu. Ukimvunjia heshima, anayelipia ni binti, huko huko ndani, nawe huna pa kumsaidia. Tena kona yenyewe ilikuwa ya mjukuu. Mzee akatazama nguzo, akamtazama mkwewe, akaitazama nguzo tena.

"Haya," alisema. "Hilo moja. Kamalizie kona yako."

"Kumbe yapo madebe yenye ruhusa," alisema mwanamke mmoja, taratibu tu, akijitwisha lake.

Tangu siku hiyo Lusito hakuwa na mdomo tena. Kila aliyemkemea alimjibu kwa adabu kabisa, "Na mkweo je?" Akaacha kusema. Akawa anaokota mawe na kuyapanga kuzunguka nguzo, peke yake, na watu wakishuka kuchota walimpa pole ya kazi. Pole ya kazi! Wakiwa na madebe mkononi!

Mvua ilianza Jumapili. Maji ya kwanza yalifika asubuhi, watu wakitoka ibadani, mekundu na yenye kelele. Yalizoa mawe ya Lusito kama makapi. Nguzo ya katikati ikapiga magoti, taratibu, mbele ya macho ya kijiji kizima, kisha daraja likakatika mapande mawili na kuketi majini. Hakuna aliyeumia. Watu wakasema Mungu mkubwa.  Lusito peke yake aligeuka akaenda moja kwa moja nyumbani kwa binti yake, akaketi mlangoni.

Uchungu ulimshika Chiloleti siku ya nne. Mto ulikuwa umefura hata mti uliong'olewa ulipita ukibiringika. Vijana walifunga kamba, mmoja akaingia, wakamvuta nje nusu mfu. Wakunga walifanya waliloliweza. Maji yalipopungua, siku mbili baadaye, wanaume wanane walimvusha juu ya kitanda. Hospitali walimwokoa yeye. Mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni.

Aliporudi, kijiji kilikwenda kumpa pole katika chumba kile kipya, sakafu yake laini hadi kona ya mwisho. Na hapo, badala ya kunyamaza kama watu, wakaanza kujitetea.

"Ofisi ilichota kwa ajili ya umma," alisema Ndahani. "Debe letu halikuvunja daraja, mwanangu."

"Wala langu," alisema mama mmoja. "Lilikuwa la jiko."

Yoramu, macho yakiwa mekundu, akasema, "Mimi nilibakiza kona tu."

Lusito alisimama kuwafukuza wote. "Mimi sikuchota hata..." alianza, kisha maneno mawili aliyoyasema kule mtoni yakamrudia, "Hilo moja," naye akaketi tena.

Chiloleti aliwatazama mmoja mmoja.

"Haya," alisema. "Debe lako halikuvunja daraja. Na lako halikuvunja. La mume wangu halikuvunja, na lile alilolipitisha baba halikuvunja. Mchanga ulijiondokea, daraja likachoka likalala, na mwanangu akaamua mwenyewe kutozaliwa. Nimeshukuru kwa pole zenu. Nendeni."

Walitoka bila kuagana.

Kiangazi alikuja mhandisi kutoka wilayani na daftari lake. Aliteremka shimoni, akapima, akatikisa kichwa, kisha akaomba aitiwe mtu anayelijua daraja tangu kujengwa. Wakamleta Lusito. Watu walikuwa wamejaa ukingoni, kila mmoja amekwisha kuandaa hesabu ya debe lake.

"Mzee," aliuliza mhandisi, "ni nani hasa aliyelivunja daraja hili?"

Lusito aliwatazama wenzake. Hakuwafokea. Alikuwa amechoka kufoka.

"Andika majina ya kijiji kizima," alisema. "Mbele ya kila jina weka maneno haya haya, maana ndiyo watakayokwambia: debe langu halikuvunja daraja. Na uanze na jina langu, Lusito."