Ushuru wa Moshi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa bonde, na moshi, na pua za kuunusa!

Hapo kale wanyama wa bonde moja walikohoa, koh! koh! koh!, mpaka jua likawa halionekani. Mkubwa wao, Kiboko, akapiga mbiu: "Moshi umezidi! Kila mwezi kila nyumba ilete kikapu cha mtama ghalani kwangu!"

Kiboko alikuwa na moto wa kupikia, moto wa kuogea, na moto wa kukaushia mgongo. Fuu! fuu! fuu! Akatoa kikapu kimoja mlangoni, akakiingiza dirishani mwa ghala lake mwenyewe.

Bi Pimbi wa mwambani alikuwa na mafiga matatu tu. Naye akatoa kikapu kimoja, na kikapu hicho ndicho alichokuwa akibadilishia maharage. Wanawe wakalishwa uji asubuhi, uji jioni. "Mama, maharage!" Roho ikamuuma mno. Lakini kuomba? Bi Pimbi? Thubutu!

Siku ya baraza akaingia kidevu juu, kwa madaha, tip! tip! tip!

"Nipisheni! Mkubwa mwenziwe Kiboko ninapita!"

"Mwenzangu?" Kiboko akanguruma. "Tangu lini?"

"Si kikapu kimoja wewe, kikapu kimoja mimi? Basi moshi wetu sawa, na ukubwa wetu sawa."

Wanyama wakacheka, kwa! kwa! kwa! Kiboko akafura.

"Moshi wako haumfukuzi hata nzi! Wangu unafika mawinguni!"

"Maneno matupu, bwana. Vikapu viko wapi?"

"Kuanzia leo kila mtu alipe kwa wingi wa moshi wake! Ndipo utanijua!"

"Na mtama wa ghalani tugawiwe sisi wadogo? Au wewe nawe utapanga foleni na bakuli, kama sisi?"

"Mimi? Bakuli? Gawaneni wenyewe, wadogo nyie!"

Wakagawana, kila nyumba sawa. Bi Pimbi alilipa konzi moja, akapokea mgao wake, akaubadilisha kwa maharage. Akayaloweka kutwa nzima ili yaive kwa kuni chache. Wanawe wakala, matumbo ndi!

Kiboko alipoona vikapu vyake vinavyotoka, akauzima moto wa mgongo, psss! Akauzima na wa kuogea, psss! Jua likatoka. Bi Pimbi akasimama mwambani, akalitazama kana kwamba amelipika yeye.

Hadithi yangu imefika kwao. Aliyeipenda aibebe, aliyekohoa anywe maji. Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukiwa mdogo, usijivune hata kidogo. Ukijivuna, wakubwa watakukomesha kwa kukulisha maharage.