Visiki vya Mathenge

Kulikuwa na mama mmoja mfugaji wa mbuzi, huko nyanda za chini ambako mathenge, ule mti wa miiba, imemaliza malisho yote. Msigeuke kumtafuta, hayupo hapa leo. Mama huyu alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa anaolewa Jumamosi. Furaha ilimjaa mama mpaka akawa anawasalimia hata mbuzi.

Lakini mambo mawili yalimkosesha usingizi. La kwanza ni kuni. Wageni walikuwa mia tatu, na migunga yote ya karibu ilishageuka makaa ya watu wa mjini. La pili ni shangazi. Kwa watu wale, bibi harusi hatoki nyumbani mpaka shangazi yake, dada ya baba, amshike mkono na kumvusha kizingiti. Na shangazi huyo, wifi yake mama, alikuwa hajakanyaga boma lile kwa miaka tisa. Kisa ni sufuria. Ile kubwa ya sherehe, ya kupikia nusu gunia la mchele. Wifi aliiazima, siku zikapita, na mama akasema neno kisimani mbele ya watu. Alisema, "Kuna wengine ukiwaazima kitu, hesabu umekizika." Basi, ikawa hivyo miaka tisa. Mnacheka, lakini humu ndani wangapi wamenuniana kwa kitu kidogo kuliko sufuria?

Maboma yao yalitazamana, na katikati kulikuwa na njia ya miguu, hatua mia mbili hivi. Watu walipoacha kuipita, mbuzi waliendelea kuipita. Na mbuzi akishakula yale maganda matamu ya mathenge, mnajua anachoacha nyuma yake. Mwaka wa kwanza ikawa miche, mwaka wa tatu kichaka, mwaka wa tisa hata paa la jirani hulioni.

Mama hakuwa mvivu, nisimsingizie. Kila mwaka aliingia na panga akaikata mathenge usawa wa goti, kwa sababu pale chini miiba ni mingi na mgongo unauma. Akirudi nyumbani alisema, "Mimi yangu nimefanya." Mvua ikinyesha, shina moja lilitoa machipukizi saba.

Wiki ya harusi binti akamwambia, "Mama, bila shangazi mimi sitoki."

"Tutapata mwingine. Ukoo wa baba yako una watu wengi."

"Shangazi haazimwi, mama."

Mama alichukua jembe na shoka akaenda kichakani, maana hasira nazo zinataka kazi ya kufanya. Watu wa kule walikuwa wakisema mathenge ni mti wa laana, haupikii chakula cha heshima, lakini mti mwingine ulikuwa wapi? Tena moto wa pilau ya watu mia tatu hauwaki kwa vijiti. Unataka visiki. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, mama alipiga magoti, akachimba chini, akakata mizizi, akang'oa. Miiba ilimchoma mikono yote miwili. Alilalamika peke yake, kisha akaanza kuimba, maana rundo la kuni lilikuwa linakua.

Siku ya nne alipumzika kidogo, na alipopumzika akasikia shoka jingine. Lilikuwa likigonga upande wa pili wa kichaka.

"Nani huyo?"

Shoka likanyamaza. "Ni mimi, wifi."

"Unafanya nini huko?"

"Nakata kuni. Nimesikia mtoto wetu anaolewa. Mwaliko sikuuona, lakini sijasikia mtu aliyekuja na kuni harusini akafukuzwa."

"Si ungezunguka tu kwa barabara?"

"Barabara ingenileta langoni kwako, na langoni ungeniuliza nimefuata nini. Ningekujibu nini, wifi?"

Mama alijisikia mkubwa sana. Akatayarisha sauti ya upole, akasema, "Pita tu. Ile habari ya sufuria mimi nilishakusamehe."

Wifi akarudi nyuma kidogo, kisha akapita pale mwanya ulipokuwa umefunguka, na kichwani amebeba sufuria. Ile ile, imejaa visiki. "Ilitoboka chini," akasema, "nikaipeleka kwa fundi aizibe. Siku ile uliyosema pale kisimani nilikuwa nyuma yako, naileta kwako. Nikageuka nayo."

Mnaona? Miaka tisa mama anasamehe, kumbe yeye ndiye wa kusamehewa. Alikaa chini palepale kwenye shimo la kisiki, akalia, halafu akacheka, halafu akashindwa kujua ni kipi kati ya hivyo viwili. "Nisamehe, wifi," akasema. Wifi akamwinua kwa mkono uliochanika kwa miiba kama wake.

Jumamosi sufuria ile ilikaa juu ya visiki vile, na moto ulikuwa mkali kiasi kwamba wapishi walibadilishana zamu. Mzee mmoja, yule aliyeapa zaidi ya wote kwamba mathenge ni laana, aliongezewa pilau mara tatu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Na bibi harusi alitoka nyumbani ameshikwa mkono na shangazi yake. Hawakuzunguka kwa barabara. Walipita katikati, kwenye njia mpya, watu wakiwafuata kwa vigelegele.

Sasa sisi. Tunakata usawa wa goti, ndugu zangu. Tunasema, "Nimesamehe, lakini nimekaa nikimwangalia." Hiyo "lakini" ndiyo kisiki, na mvua zinakuja. Je, una hakika ni wewe unayepaswa kusamehe? Uliwahi kuuliza sufuria ilikuwa wapi siku ile uliposema neno lako? Ukichimba utaumia kidogo, sikudanganyi. Lakini ule ule mti uliokufungia njia, Mungu anakupikia karamu kwa moto wake.

Kuna watu humu leo wamekuja kwa barabara ya kuzunguka ili wasipite mlango wa mwenzao. Nawaona, na wao wanajijua. Tukishatoka hapa, rudini nyumbani kwa njia ya katikati. Na mtu asisahau jembe.