Glavu ya Mkono wa Kulia

Mtu mmoja alikuwa na nyundo tatu na binti mmoja, na vyote vinne alidhani anavijua sawasawa. Aliitwa Yoeli Chilongani, fundi viatu. Kutoka stesheni ya reli mpaka chini ya mlima hapakuwa na wa kumfikia kwa kazi ya ngozi. Ngozi ya fahali mzee, ile inayowavunjia wengine sindano, kwake ililainika kwa kumsikia tu akikohoa. Msibishe. Waliovaa viatu vyake bado wapo, na viatu bado vipo. Ni miguu tu ndiyo iliyozeeka.

Binti aliitwa Nyemo, wa miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Mtoto huyu alijaliwa mkono wa kurusha. Jiwe likitoka katika mkono wake wa kulia lilikwenda lilikotumwa. Alilenga kikonyo cha pera, kikonyo kikakatika, pera likaanguka zima bila mchubuko. Kwa hiyo mchezo wa besiboli ulipoletwa shuleni kwao, ule wa mmoja kurusha mpira, mwingine kuupiga kwa gongo na kukimbia, na wengine kuudaka na kuurudisha kabla mkimbiaji hajafika, Nyemo hakufundishwa mara mbili. Mwalimu Mgaya akatangaza kwamba Jumamosi ya mwisho ya likizo atachagua tisa wa kwenda mashindano ya mkoa. Akaongeza kwamba glavu za shule, zile za ngozi za kudakia mpira, zimeliwa na panya, kila mtoto aje na yake. Nyemo alikuwa katika mwaka wake wa mwisho pale. Asipochaguliwa Jumamosi hiyo, basi, hapakuwa na Jumamosi nyingine. Na hakuwa mtoto wa kuombaomba. Tangu azaliwe alikuwa amemwomba baba yake kitu kimoja, na ndicho hiki: glavu.

Fundi alifurahi, maana glavu ni ngozi, na mwenye ngozi ni nani kama si yeye. Akamchukua mwanawe mpaka sokoni kwa Mama Sikitu, aliyeuza mitumba ya vifaa vya michezo. Mama Sikitu alikuwa amebakiwa na glavu mbili. Moja kuukuu, imelegea, imepauka. Hiyo ilivaliwa mkono wa kushoto. Ya pili mpya, ngumu, nyekundu kama tofali lililotoka tanurini. Hiyo ilivaliwa mkono wa kulia. Nyemo akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea ile kuukuu.

"Mkono gani huo?" baba yake akauliza, bila kupaza sauti.

Mkono ukarudi nyuma. Katika nyumba ya fundi kitu kilipokelewa kwa mkono wa kulia. Nyemo alipokuwa mdogo, kila akinyoosha wa kushoto, baba yake alikishikilia kile kipande cha muhogo au ile kalamu palepale hewani, hata robo saa, mpaka mkono unaotakiwa utokee. Mtoto alijifunza. Wageni walimsifu. Na kudaka, kwa akili ya fundi, kulikuwa ni kupokea tu kitu kinachokuja kwa haraka.

"Fundi, wenzake wote wamechukua za kushoto," Mama Sikitu akasema. "Hiyo ya kulia imenikalia hapa tangu mwaka jana. Natamani iondoke, lakini sikudanganyi."

"Basi wenzake wote hawakulelewa," fundi akajibu. "Wangu hatasimama mbele ya watu wa mkoa mzima akipokea kwa kushoto kama mtoto aliyeokotwa."

Waliokuwa karibu wakacheka, na fundi akakipenda kicheko hicho. Hakumtazama mtoto. Kama angemtazama angeona kinywa kikifunguka, kisha kikifungwa.

Zilibaki siku tisa. Glavu mpya haishiki kitu. Mpira ukiigonga unaruka kama umetukanwa. Sharti ilainishwe, ifundishwe mahali pa kukunjika, itengenezewe tumbo la kuulalia mpira. Wengine huipaka mafuta ya kula wakaianika juani, ikakauka ikapasuka. Fundi aliipaka mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, akaifunika kwa gunia lenye unyevu, akaipaka tena mafuta ya kondoo, kidogo kidogo, kwa kidole gumba, kila mshono kwa wakati wake. Akaitwanga kwa nyundo ya mbao mpaka ikaacha kulalamika. Akaweka mpira ndani yake, akaifunga kwa mpira wa tyubu, akailaza chini ya mguu wa kitanda. Siku ya nne aliifungua, akamvisha Nyemo, akapima kidole baada ya kidole, akapunguza hapa na kukaza pale, mpaka glavu ikamkaa mkononi kama ngozi yake mwenyewe. Akaongeza mkanda kifundoni ili isivuke hata mtoto akianguka. Kazi ilikuwa nzuri. Hilo lisemwe, maana nusu ya balaa hili ilitokana na uzuri wa kazi.

Ndipo wakaanza mazoezi uani. Baba alirusha, binti alidaka. Mwanzoni mpira ulimtoka, lakini mkono wa kulia ni mwepesi wa kujifunza, na kufikia siku ya sita ulikuwa ukinasa kila kitu. Kila akidaka, Nyemo aliufungua mkanda, akavua glavu, akatembea mpaka kwa baba yake, akampa mpira kwa mkono wa kulia, akiinama kidogo. Fundi aliuona uungwana huo akatabasamu. Hata mara moja hakumwambia aurushe. Yeye mchezo aliuona kwa mbali siku moja tu, na alichokumbuka ni watoto wakidaka.

Siku ya saba jambo likatokea. Fundi alirusha mpira kwa nguvu, ukapinda kuelekea upande wa kushoto wa mtoto. Kabla Nyemo hajafikiri, mkono wa kushoto, mtupu, ukaruka wenyewe kuudaka, maana ndivyo ulivyozoea shuleni. Mpira ule ukubwa wake ni wa chungwa na ugumu wake ni wa jiwe. Kidole cha kati kikapinda, na baada ya muda mfupi kikavimba kama muhogo mchanga.

"Umeona?" fundi akasema huku akikifunga kwa kitambaa. "Mkono huu hauna akili. Ndiyo maana tukauacha."

"Baba, pale shuleni mwalimu anasema…"

"Pale shuleni ni nani fundi wa ngozi?"

Nyemo akakiinamia kidole chake. Mama yake, Foibe, aliyekuwa akichambua mchicha mlangoni, akainua macho.

"Baba Nyemo, mwache mtoto amalize neno lake."

"Amemaliza. Si amemaliza, Nyemo?"

"Nimemaliza, baba."

Siku mbili zilizobaki mtoto alikula nusu ya alichopakuliwa. Alikaa na glavu mapajani akiifungua na kuifunga, akiitazama kama mtu anayetazama barua aliyoandikiwa kwa lugha asiyoijua. Foibe aliona, akamwambia mumewe kwamba mtoto ana kitu rohoni. Fundi akasema ni hofu ya mashindano, na hofu ni dalili nzuri. Kisha akaondoka kwenda kuwaalika wateja wake. Aliwaalika wote. Aliwaambia waje Jumamosi waone maana ya ngozi kupita katika mikono ya mtu.

Jumamosi wakaja. Nusu ya mtaa ilisimama kando ya uwanja, na fundi mbele yao, shati limepigwa pasi, akiwaeleza habari za mafuta ya kondoo. Nyemo alipoitwa aliingia akitazama chini, glavu nyekundu mkono wa kulia. Watoto wenzake wakanong'onezana. Fundi akadhani wanaionea wivu.

Mwalimu Mgaya akaupiga mpira wa kwanza, ukapanda juu sana. Nyemo akarudi nyuma hatua tano, akainua mkono, na mpira ukaingia na kutulia. Watu wa fundi wakapiga makofi. Lakini mkimbiaji alikuwa ameshaondoka, na mwalimu akaita, "Rusha nyumbani," yaani pale mkimbiaji anapokimbilia. Mkono wa kurusha ulikuwa ndani ya glavu. Nyemo akashika mkanda kwa mkono wa kushoto. Kile kidole kilichovimba kikakataa. Akauvuta kwa meno. Glavu haikutoka, kwa kuwa ilikuwa imetengenezwa na fundi hodari ili isitoke. Mkimbiaji akafika, akageuka, akasimama kumtazama.

Mpira wa pili ukaja chini chini. Akaudaka pia. Safari hii hakuhangaika na mkanda. Akautoa mpira kwa mkono wa kushoto na kuurusha kwa huohuo, na mpira ukaenda kama kuku aliyefukuzwa jikoni, ukadunda mara tatu, ukalala njiani.

"Fundi," mtu akasema nyuma, "hiyo uliyomshonea ni glavu au ni pingu?"

Kicheko kikapita katika mstari mzima. Fundi alisikia masikio yake yakipata moto. Ni sasa tu, akiwa amesimama na watu wake wote nyuma yake, alipowatazama watoto wengine, mmoja mmoja, akaona kila glavu ipo kushoto na kila mkono wa kulia u huru. Mtu anayejua kazi haelezwi mara mbili. Alielewa yote kwa mara moja, toka sokoni mpaka pale.

Mwalimu Mgaya alikuwa amemfikia Nyemo. Akaushika ule mkono wenye glavu, akaugeuza.

"Nani alikuvisha mkono huu?"

Nyemo hakumtazama baba yake. "Mimi mwenyewe, mwalimu. Nilichanganya."

Fundi alikuwa amepewa mlango wa kutokea, mpana, na hakuna aliyekuwa akimzuia. Angesema, aa, watoto bwana, na watu wangecheka kidogo na kurudi kwao, na Jumatatu wangemletea viatu kama kawaida. Alisimama hapo kwa muda ambao mtu hutumia kushona mishono mitatu. Ni muda mfupi. Lakini mtoto wake alikuwa katikati ya uwanja peke yake akiwa amebeba ujinga usio wake, na muda huo mfupi ulimtosha Nyemo kuona kwamba baba yake bado amesimama.

Kisha fundi akavuka mstari wa uwanja. Alikwenda mpaka kwa mwalimu, akasema kwa sauti ya kuwafikia waliosimama kando, "Mwalimu, ni mimi. Nilichagua mimi, nikaambiwa, nikakataa." Akapiga goti, akafungua ule mkanda, akaivuta glavu kwa nguvu mpaka ikatoka.

Mwalimu Mgaya alikuwa mtu wa haki. Akaazima glavu ya kushoto kwa mtoto mwingine, akamwambia Nyemo ajaribu mipira mitatu. Mkono wa kulia sasa ulikuwa huru, na kila mtu aliyeujua alijua ungefanya nini. Lakini siku tisa mkono wa kushoto ulikuwa umekaa bure, na kidole chake hakikukunjika. Mpira wa kwanza ukaanguka. Wa pili ukaanguka. Wa tatu ukaingia, ukakaa, kidole kikafunguka kwa maumivu, ukatoka. Mwalimu akangoja kidogo, kama anayetamani kuwe na mpira wa nne. Kisha akasoma majina tisa. Nyemo hakuwamo.

Walirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya stesheni, baba na binti. Watu wa mtaa walikwisha kutangulia. Fundi alitembea na ile glavu nyekundu kwapani, laini, imelala vizuri, kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Walipofika kwenye reli akasimama.

"Nyemo, ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu sokoni."

"Na kwa nini hukuniambia, mwanangu? Siku tisa zote?"

Mtoto alifikiri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha fundi kuliko kicheko cha uwanja mzima. Alikuwa akitafuta jibu la kweli, kwa adabu, kama alivyolelewa.

"Kwetu mtu akipewa kitu anasema asante, baba. Nikasema asante."

Fundi akakaa juu ya chuma cha reli, na binti akasimama kando yake akimngoja, kwa sababu mtoto aliyelelewa hamtangulii baba yake.

Basi ninyi mnaokata, mnaolainisha, mnaokaza mikanda, na ninyi mnaosifiwa na wageni kwa utulivu wa watoto wenu: asante ya mwisho uliyosikia nyumbani kwako ilikuwa asante kweli, au alikuwa ni mtu aliyekuwa na neno la kusema, akakutazama usoni, akalimeza?