Kazi Iliyobaki Kwenye Simu ya Zamani

We unayesikiliza, unatumia simu gani? Usijibu haraka, na usiitoe mfukoni kutuonyesha. Hadithi hii imejaa watu waliojibu haraka.

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni mwezi wa tatu mwaka huu huu, mjini Tabora kulikuwa na binti aliyeitwa Nyamizi Maganga. Alikuwa na digrii ya takwimu, GPA ya nne nukta moja, na miaka minne ya kukaa nyumbani kwa mama yake akichambua mchele. Alikuwa pia na simu ya Android yenye ufa kwenye kioo kutoka kona hadi kona. Kwa simu hiyo alituma maombi ya kazi mia moja na kumi na saba. Kwa simu hiyo alijibiwa "tutawasiliana nawe" na watu ambao mpaka leo hawajawasiliana na kiumbe yeyote.

Kisha likaja tangazo la mradi wa kuhesabu mizinga ya nyuki porini. Karani mmoja kwa kila kata. Mtihani ulifanyika humo humo kwenye simu, ndani ya programu ya mradi, maswali sitini kwa dakika arobaini. Nyamizi aliufanya ameketi juu ya gunia la mpunga, na alipomaliza programu ikamwambia asubiri. Akasubiri. Wiki ya kwanza alisubiri kwa matumaini, ya pili kwa mazoea, na kufika ya sita alikuwa hajui tena anasubiri nini.

Ndipo shangazi yake wa Dodoma akamtumia iPhone aliyoichoka, betri imekufa, kioo kimepasuka. Shangazi alimweleza kwamba siku hizi interview ni za video, na mtu akitokea na kamera yenye ukungu anaonekana kaja kuomba msaada, si kazi. Fundi Mihayo, mwenye kibanda cha simu pale stendi ya zamani, alisema betri ataweka na kioo ataweka, Nyamizi amwachie ile Android, ngoma droo.

Nyamizi akachanganyikiwa. Kijiweni mmoja alimwambia iPhone haishiki virusi. Mwingine akamwambia haishiki hata nyimbo za kurushiwa. Wa tatu akasema ukishahamia huko hurudi, kama ndoa ya kanisani. Mama yake aliuliza tu kama hiyo mpya nayo inapiga simu. Kila aliyeulizwa alikuwa na jibu, na kila jibu lilimwongezea swali. Mwishowe akamuuliza Mihayo lile moja lililomkaa rohoni: programu ya mradi wa mizinga, je, itahamia huku?

Mihayo, bisibisi mdomoni, hata hakuinua kichwa. "Dada, siku hizi kila kitu kinahama."

Akabadilisha. Programu haikuhama. Aliitafuta kwenye iPhone asubuhi, akaitafuta mchana, akaja kugundua kwamba wenye mradi waliitengeneza kwa ajili ya Android peke yake. Akajituliza. Laini ni ile ile, namba ni ile ile, wakimtaka watampigia. Serious people hupiga simu. Masikini, hiyo ndiyo picha ya waajiri aliyotoka nayo chuo kikuu.

Wiki tatu zikapita. Siku moja alikwenda ofisi ya kata kugongewa muhuri barua ya ombi lake la mia moja na kumi na nane. Ukutani palikuwa na karatasi. Karani bora wa mizinga: Nyamizi Maganga. Mizinga mia nne na kumi na miwili.

Aliisoma mara tatu. Alidhani ni mtu wa jina moja naye, lakini namba ya mtihani iliyoandikwa pembeni ilikuwa yake. Yaani alikuwa amepata kazi, ameifanya, amewashinda wenzake wote, na muda wote huo yeye yuko nyumbani anatoa mawe kwenye mchele. Alijikuta anajipapasa mkono kutafuta mahali alipoumwa na nyuki.

Kesho yake akafika kambi ya mradi. Akamkuta msichana amevaa kizibao cha njano, uso umevimba upande mmoja, na shingoni ananing'iniza simu yenye ufa kutoka kona hadi kona.

"Mwangaluka, dada," msichana akamwamkia Kinyamwezi, kwa adabu zake zote.

Aliitwa Kabula. Alikuwa akiuza karanga za kuchemsha pale stendi ya zamani, na simu aliichukua kwa Mihayo. Kwa kawaida Mihayo hufuta kila kitu kabla hajauza. Siku ile umeme ulikatika, mteja ana haraka, akafuta picha za Nyamizi tu na kuiacha programu ya mizinga ilivyo. Asubuhi moja simu ikalia, ujumbe ndani ya programu: hongera, fika kambini Jumatatu saa mbili. Kabula akaona ujumbe umeandikiwa mwenye simu, na mwenye simu ni yeye. Akaenda. Afisa wa mradi, Bwana Lwiza, akaipitisha simu kwenye mashine yake, taa ya kijani ikawaka, akasoma jina kwenye kompyuta na kumkabidhi kizibao bila kumtazama usoni. Kabula hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alipokea kizibao.

Shauri likapelekwa hemani kwa Lwiza, na Mihayo akaitwa. Lwiza akafungua kompyuta, akafunga, akafungua tena.

"Sorry, si mimi, ni system," akasema. "System inaitambua simu. Mtu hayupo kwenye system."

Akawaeleza kwamba Jumatatu ni siku ya mkataba wa mwaka mzima. Atakayekuja ameishika simu ile ataweka dole gumba juu yake, na kuanzia hapo haitafunguka kwa mwingine. iPhone mashine haiisomi, hivyo asihangaike mtu. Wakubaliane wenyewe huko nje. Halafu, kama anayekumbuka kitu kidogo, akaongeza kwamba jina la Nyamizi limeshaingia kwenye orodha ya walioajiriwa. Akiomba kazi kwingine, kompyuta zitamkataa kwa kuwa tayari ana kazi.

 Nyamizi akaweka iPhone mezani mbele ya Kabula.

"Mtihani niliufanya mimi. Jina langu, namba yangu. Chukua hii, inazidi hiyo kwa kila kitu, nirudishie yangu."

Kabula aliitazama iPhone kama mtu anayetazama kiatu kizuri kisichomtosha.

"Dada, hiyo haihesabu nyuki," akasema taratibu. "Jina lako sikuliiba, nililikuta ndani. Juu ya miti nimepanda mimi. Mizinga mia nne na kumi na miwili, na hakuna hata mmoja ulioniuliza nina digrii gani. Ukitaka simu chukua, lakini chukua na uso huu."

 Nyamizi alijua sampling, alijua regression, na tangu azaliwe hajawahi kupanda hata mpera.

Mihayo, aliyekuwa anaomba asikumbukwe, sasa akaona naye ana lake. Siku ya nne ya kazi, simu ilitumbukia kwenye ndoo ya asali ikafa. Simu ikizimika siku tatu, mradi unafuta nafasi. Nani aliifungua, akaisafisha kwa spiriti, akaifufua bila malipo?

"Mimi," akajijibu. "Tena nina cheti cha ufugaji nyuki, ambacho tangu nikipate hakuna aliyekiangalia. Kazi imepona mara mbili mkononi mwangu: kwanza sikuifuta, kisha nikaifufua. Mniandike mimi."

"Na ulivyoniambia kwamba kila kitu kinahama?" Nyamizi akamuuliza.

"Si kimehama? Kimehamia kwa Kabula."

Kabula akacheka, kisha akashika shavu kwa maumivu. Nyamizi akamwonea huruma, akaichukia huruma yake. Akiichukua simu, atasifiwa kwa miti aliyopanda mwenzake. Akiiacha, mwenzake ataishi mwaka mzima ndani ya jina lake, na yeye hataajiriwa popote kwa sababu ameajiriwa.

Leo ni Jumamosi. Wamekaa watatu nje ya hema, simu mbili katikati yao juu ya mkeka, na hakuna anayenyoosha mkono. Je, ninyi mnaosikiliza, nani alistahili? Aliyefaulu, aliyepanda, au aliyefufua?

Na wewe Bwana Lwiza, pamoja na wakubwa zako huko mliko na kompyuta zenu: kabla hamjadai dole gumba la mtu yeyote Jumatatu, mleteni hapa aliyeandika simu mahali palipopaswa kuandikwa mtu. Asimame mbele ya hawa watatu, awatazame usoni mmoja mmoja, na atamke kwa mdomo wake mwenyewe ni nani kati yao aliyemwajiri.