Ulimi wa Kengele

Werema hakuwahi kukipenda kijiji kipya cha ujamaa alichohamishiwa karibu na Bunda, wakati wa Operesheni Vijiji. Kwao Butiama kaya zilikaa mbali mbali. Hapa nyumba zilipangwa safu moja, jirani anamsikia jirani akikohoa, na bado alijiona mkiwa. Alikuwa mtu wa kuogopa hata kivuli chake. Aliyemwamini ni mkewe Wankyo tu, maana binti yao Robi alikuwa ameolewa mbali.

Asubuhi moja, akichunga kando ya mtaro wa bomba la maji, aliokota kipande kidogo cha chuma king'aacho. Mafundi wageni waliokuwa wakipiga maungio ya bomba picha za mionzi walikuwa wameondoka jana yake. Werema alifurahi kama mtoto, kwa kuwa kengele ya fahali wake ilikuwa imepoteza ulimi, na fahali bila kengele ni aibu ya mwenyewe. Akakitia mfukoni mwa koti, asijue kwamba kilitoa mionzi isiyoonekana wala kunuka.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa akitapika nyongo. Akamtazama mkewe kwa jicho baya.

"Mama Robi, umenitilia nini kwenye uji?"

"Baba Robi, si ndio uji nakupikiaga kila siku? Hata mimi nimekunywa."

"Majirani wamekununua! Ondoka kwangu!"

Wankyo alilia, akasihi, mwishowe akaenda kwa kaka yake, kijiji cha Kiriba. Werema akabaki peke yake, akijifunika koti lile kila baridi ilipomshika. Paja likamwaka, likachubuka. Hakuna aliyebisha hodi. Nani angekwenda kumjulia hali mtu anayewaita majirani zake wachawi?

Siku chache baadaye mafundi walirudi mbio wakikitafuta kilichowapotea, na chombo chao cha kupima mionzi kikalia mlangoni kwa Werema. Walilitoa koti kwa koleo ndefu, naye wakampeleka hospitali ya Musoma.

"Mzee, baada ya kukiokota, ulikaa muda gani ndipo ukatapika?" Daktari Kasmiri aliuliza.

"Sikukaa. Hata mchana haukufika."

Daktari akashusha pumzi. "Anayewahi kutapika ndiye aliyepigwa na mionzi mingi. Sasa tutaangalia damu. Chembe nyeupe zikishuka upesi, sikufichi, kupona ni kazi."

Kisha kutapika kukakoma. Werema alikula ugali na sato, akadai aruhusiwe akamwangalie fahali wake.

"Nafuu hii inadanganya," daktari alisema kwa huruma. "Damu yako inazidi kuisha."

Haikupita muda, nywele zikaanza kubaki kwenye mto na fizi zikatoka damu. Chumba kile kilikuwa kimya, na Werema aliogopa kufa bila mtu wake. Akaomba Wankyo aitwe.

Wankyo alikuja. Naye alipimwa, damu yake ikaonekana nzima. Akaketi kitandani, akaushika mkono wa mumewe.

"Nisamehe, Mama Robi. Nilidhani ni wewe."

"Nimekusamehe. Lakini nguo zako nilikuwaga nafua mimi, na mifuko naikung'uta kwanza. Ungeniacha nikae nyumbani, ningekiona mapema, nikakitupa."

Werema aligeukia ukutani akalia. Alimfukuza mkewe na kuwahukumu majirani, kumbe adui alimlalia pajani. Alifariki kabla pamba haijavunwa, mkono wake ukiwa mkononi mwa Wankyo. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.