Somo wa Binti wa Namkunda

Hapo zamani, siku binti wa Namkunda alipotolewa nje kupewa jina, waliokuwepo uani ni hawa: Namkunda mwenyewe; mumewe, Eliamani Mjema; Rabeka Senkoro, muuguzi wa zahanati; Nakiete Mbwambo, muuza makande ya mahindi na maharage; na Bi Nanzia Mshana, mkongwe wa gulio, aliyekuja akishikwa mkono kwa sababu ya kifua. Kijijini hapo mtoto hupewa jina la mtu mmoja, na mtu huyo huwa somo wake, wa kumtetea popote. Jina likishatamkwa halirudishwi.

Namkunda alikuwa na kifafa tangu utotoni. Akipita gulioni, wanawake wauza vyakula walifunika vyungu vyao, wakidhani povu lake litawaambukiza. Vifuniko vikianza kulia, ko, ko, ko, macho yote yalimgeukia, moyo ukamwenda mbio, kichwa kikajaa ukungu, akaanguka.

Kwanza akaja Rabeka na vidonge. Namkunda akameza asubuhi na jioni. Nyumbani hakuanguka tena. Gulioni, vifuniko vikilia, alianguka.

Kisha akaja Nakiete. Akamketisha kando yake, akala naye bakuli moja. Namkunda alipoanguka, Nakiete alimlaza ubavu, akamfuta povu kwa kanga yake mwenyewe, akawauliza waliokodoa macho, "Mnangoja nini, harusi?" Kuanguka kukapungua. Vifuniko vikaendelea kulia.

Mwisho akaja Bi Nanzia, ambaye miaka yote ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunika. Siku moja alisimama katikati ya gulio akasema, "Namkunda amepona. Mwezi mzima hajaanguka." Ulikuwa uongo, alikuwa ameanguka Jumanne iliyopita. Lakini nani wa kumbishia Bi Nanzia? Akafunua chungu chake, akampa Namkunda mwiko. "Koroga, mwanangu." Vyungu vyote vikafunuliwa. Namkunda akaendelea na vidonge vyake, na tangu siku hiyo hakuanguka. Akabeba mimba, akajifungua salama.

"Jina ni langu," alisema Rabeka pale uani siku ya jina. "Bila vidonge, ubongo wake ungekuwa unawaka mpaka leo. Na nilivipandisha mlimani kwa miguu yangu."

"Ulivileta ukaondoka, dada," Nakiete akamjibu. "Mimi nilibaki. Kanga yangu ni shahidi."

Bi Nanzia akakohoa. "Ninyi mlimtibu yeye. Mimi niliwatibu waliokuwa wakimwangusha."

"Na nani aliwafundisha kufunika?" Nakiete akacheka. "Umwangushe wewe, kisha udai umemwinua!"

"Ndiyo," Bi Nanzia akajibu. "Ndiyo maana hakuna mwingine aliyeweza kuwafanya wafunue."

Namkunda aliwatazama mmoja mmoja. Alijua wote watatu wamesema kweli. Vidonge alivijua mwilini, bega la Nakiete alilijua ubavuni, na ule ukimya wa vifuniko aliujua kichwani, kama chumba kilichofunguliwa dirisha. Hakubabaika.

"Kesho asubuhi nitatamka," akasema, "na nitatamka mara moja."

Asubuhi akatoka na mtoto kifuani, jina likiwa tayari mdomoni. Rabeka na Nakiete walikuwa wamekwisha kufika. Eliamani akaingia kutoka njiani, akavua kofia.

"Bi Nanzia Mshana amefariki," akasema.

Je, ninyi mnaosikiliza: Namkunda atamke jina la nani?