Presha ya Mlima Mzima

Kaeni vizuri, akina mama. Na wewe wa nyuma acha kunong'ona, umbea wa leo ninao mimi.

Kulikuwa na nesi mmoja katika zahanati ya mlimani. Kipimo chake cha presha kilipasuka mpira, akaandika barua wilayani. Akajibiwa asubiri. Akaandika tena, akajibiwa asubiri, ila safari hii kwa muhuri.

Sasa kila baada ya miezi mitatu alikuja mkaguzi. Mkaguzi yule hakuuliza kipimo kiko wapi. Aliuliza daftari. Akikuta kisanduku kitupu kwenye safu ya presha, anamsuta nesi mbele ya wagonjwa kama mtoto aliyekojoa kitandani. Aliposutwa mara ya pili, nesi akajipatia dawa: kila mjamzito aliyeingia kliniki akaandikiwa mia na ishirini kwa themanini. Presha nzuri kabisa, ya kitabuni. Mnene, mia na ishirini kwa themanini. Mwembamba, hiyo hiyo. Hata yule mama muuza pombe, anayegombana na mumewe mpaka mshipa wa paji la uso unasimama kama kamba ya mbuzi, naye mia na ishirini kwa themanini! Mnacheka? Chekeni. Mkaguzi naye alifurahi. Na wale walioanguka kwa kifafa cha mimba walifia majumbani, daftari halikuwafuata huko.

Mwaka wa tatu zikaja fedha za utafiti, tena si za mchezo. Wafadhili walitaka mashine ifundishwe, ile wanayoiita akili mnemba, iwe inamtambua mama aliye hatarini kabla hajaanguka. Jambo jema, nani alikataa? Wakapanda mlima wasomi watatu, vitambulisho shingoni, wakalipiga picha daftari ukurasa kwa ukurasa.

Mkubwa wao akachekelea. "Sista, hongera! Tumezunguka zahanati nyingi, daftari lililojaa hivi hatujaliona."

Nesi akaweka kiganja juu ya ukurasa. "Daktari, hizo za presha... Mngetupatia kwanza kipimo. Chetu kimekufa."

"Aa, sista, hizi ni fedha za utafiti. Vifaa vina fungu lake."

"Kwa hiyo mashine mnaipa akili, mimi mnaninyima mpira wa kumfunga mtu mkononi?"

"Una maneno wewe!" Wakacheka, wakampiga picha, wakamwachia fulana, wakashuka zao.

Hapo ndipo angesema. Neno moja tu: nilibuni. Lakini fulana iliandikwa Mshirika wa Utafiti, nayo ilimkaa vizuri.

Haukupita mwaka kikaletwa kishikwambi, mashine yenyewe imo ndani, imeshahitimu. Unaingiza umri wa mama, mimba ya ngapi, kijiji anachotoka. Kinawaka kijani au chekundu. Kikaja na amri yake: gari la wagonjwa halipandi mlima bila rangi nyekundu. Na nyekundu itoke wapi? Kimefundishwa kwamba wanawake wa mlima ule hawajui presha ni mdudu gani.

Nesi alikuwa na binti mmoja tu, mimba ya kwanza, miezi minane. Siku moja asubuhi binti akaingia zahanati ameshika kichwa, uso umevimba, pete haitoki kidoleni. "Mama, naona nyota nyota," akasema. Nesi akaingiza taarifa zake. Kijani.

Akapiga simu wilayani. "Leteni gari, mwanangu ataanguka huyu!"

"Kishikwambi kinasemaje, sista?"

"Kijani. Kinadanganya!"

"Kidanganye vipi, na kimefundishwa kwa madaftari yenu wenyewe? Nani alikidanganya?"

Jibu nesi alikuwa nalo. Aliwaza jina lake, aliwaza kazi yake. Nyuma yake, kitandani, binti akaanza kukaza meno. Ndipo yowe likamtoka: "Mimi! Nilizibuni mimi! Leteni gari!"

Gari lilikuja. Binti alipona. Mtoto alizikwa.

Naziona nyuso zenu. Mmeshika mawe, mnatafuta wa kumtupia. Mkaguzi? Mtupieni, mimi nitawaokotea. Msomi? Anaezeka nyumba kwa vigae vya fahari juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa, halafu anaita watu washangilie! Fedha za kuinunulia mashine akili zipo, za mpira wa mkononi hazipo. Huo si wazimu? Na nesi naye asikwepe, alinyamaza siku ya fulana.

Lakini ngojeni, bado jiwe moja.

Miaka mitatu, akina mama. Kila mwanamke aliyetoka kliniki ile alitoka na kadi. Mkono wake haukufungwa kitambaa, haukubanwa, haukuguswa; yeye mwenyewe anajua. Na kadi inasema amepimwa. Akaitazama, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kupika. Wangapi hao? Mamia! Hakuna hata mmoja aliyegeuka mlangoni akasema, "Sista, presha hii si yangu."

Ndio sisi hao! Msigeuze shingo, ndio sisi. Mashine ilituuliza hali, tukasema hatujambo. Mgeni akija tunafagia uwanja, tunaimba, tunamchinjia kuku, tunasema tunashukuru kwa yote. Akipanda gari lake, ndiyo tunaanza: kisimani, sokoni, hata hapa kanisani, nani alikufa vipi na nani alinyimwa nini. Umbea wetu una ukweli kuliko daftari la zahanati! Basi kwa nini tunaumwaga kisimani tu, na mwenye kalamu tunamficha?

Jumatano wengi wenu mnakwenda kliniki. Kadi ifungue pale pale, kabla hujainuka kwenye benchi. Ukiona humo namba ambayo mwili wako haukupimwa, simama uikatae kwa sauti, awepo nesi, awepo mkaguzi, awepo msomi na kamera yake. Watakuita mkorofi. Itika, kisha kaa hapo hapo mpaka upimwe.